Stempu Zilizonyolewa Meno

Jumatano, Februari 1997

Leo asubuhi nimepoteza stempu zangu mia moja na arobaini za Ruanda-Urundi, za enzi ya ukoloni. Aliyeziua ni shemeji Hamisi, mdogo wa mke wangu, kwa mkasi.

Zilikuwa chakavu, ndiyo, zenye mihuri na kona zilizochanika. Nzuri sikuweza kuzinunua. Lakini tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, faranga yetu inayeyuka, na chakavu zilishika bei. Mnunuzi wa Kigoma alishazikubali. Ndiyo nauli yetu ya boti ya kwenda huko, mimi, mke wangu Zuhura na watoto.

Hamisi amekata meno yote ya pembeni ili zilingane.

"Apana kasirika, shemeji! Zilikuwa na meno ya mzee. Mi nimezinyoa."

Stempu isiyo na meno hainunuliwi na mtu.

Nimezihesabu mara tatu. Ziko mia moja na kumi na mbili. Nilipomuuliza nyingine ziko wapi, akacheka, akaomba chai.

Mungu anisamehe, namuombea awe mwizi. Kama hizo ishirini na nane aliziuza zikiwa na meno, pesa anayo, na bado tunaweza kuondoka.

Hamisi, kesho kabla ya adhuhuri, mbele ya dada yako: umeziuza au umezitupa?