Kitambaa Chako na Kompyuta Iliyokuwa Ikizimia

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho,
Jengo la nyuma ya stesheni.
Jumapili, 14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda wetu,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Goti linaendeleaje? Ulisema ngazi za hapo kwenu zinakutesa, nikaona nikuulize hilo kabla sijaanza yangu. Sisi ni wazima. Kikohozi kimeniacha, na wifi yako bado ananishinda kutembea. Tukienda sokoni hutangulia, kisha hunisubiri mbele akijifanya anachagua nyanya.

Sasa nikujibu. Mara mbili umeniomba nikutumie ile sauti ya marehemu Kaka Mkubwa, na mara mbili nimekuzungusha. Sikutaka kukutia hofu. Ukweli ni kwamba tulikaribia kuipoteza. Leo ninaweza kukwambia, kwa sababu imepona.

Unajua kwamba katika miezi yake ya mwisho Kaka alijirekodi akiupita mtaa wetu wa zamani kwa kumbukumbu tu, nyumba kwa nyumba, kuanzia kona ya fundi cherehani mpaka kwetu. Alinitumia mimi kwa kuwa nina kompyuta. Sikuwa na moyo wa kuisikiliza mpaka msiba ulipopoa kidogo. Mimi na wewe hatukuwahi kufika hata mazishini. Sauti ile ndiyo tuliyobakiwa nayo, na ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya lile sanduku la kompyuta lililo mezani kwangu.

Nilipoifungua, Kaka alianza vizuri. Alimsalimu fundi cherehani, akamtania mama wa mkaa kuhusu mizani yake, mara kioo kikageuka buluu. Maneno meupe yakasema imetokea hitilafu na kompyuta inajizima ili isidhurike, na chini yake msururu wa tarakimu usio na mwisho. Giza. Nikaiwasha tena. Safari hii Kaka alikuwa anabisha hodi kwa fundi saa. Buluu. Ikawa ndiyo desturi: kila siku anatoka kwenye kona, na hafiki nyumbani. Wifi yako akanishauri niruke mbele. Nikakataa. Nani aliwahi kufika kwetu bila kupita kwa majirani? Nikajaribu kuinakili kwenye flashi, nayo ikazimika katikati ya kazi.

Nilizinakili zile tarakimu kwenye bahasha na kuzitafutia maana. Huko mtandaoni kila mtu ni daktari. Mmoja anasema ondoa programu ya kuua virusi, mwingine anasema ongeza nyingine. Nikaondoa, nikaongeza. Nikachomoa nyaya zote, nikazipangusa, nikazichomeka. Mwishowe nikawa naisemesha kama ng'ombe aliyegoma kusimama.

Tukaipeleka kwa fundi kompyuta wa barabara ya pili, kijana mcheshi ambaye mtaa mzima humwita Bwana Futa, kwa sababu dawa yake ni moja tu.

“Mzee, tunafuta vyote, tunaanza upya. Itarudi kama bibi harusi.”

“Na ndugu yangu aliyemo humo?”

Akalitazama sanduku, akanitazama mimi. Nilipomweleza, aliacha utani. Akasema basi hatufuti kitu, tuichunguze kwanza. Kutwa nzima ilikaa mezani kwake ikipiga muziki bila kujikwaa hata mara moja. “Haina ugonjwa hii,” akasema jioni. “Inadeka tu.” Kwa furaha niliyokuwa nayo nikaibeba bila hata kukumbuka kumwomba aninakilie sauti. Kesho yake alasiri, pale pale kwa fundi saa, buluu. Siku hiyo, mdogo wangu, niliamini kwamba Kaka tumemzika mara ya pili.

Hapa ndipo unapoingia wewe.

Kile kitambaa cha maua ya zambarau ulichonidarizia niliponunua kompyuta, unakikumbuka? Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Mama alifunika redio, alifunika cherehani, hata chupa ya chai ilikuwa na vazi lake. Asubuhi ile tulipohama, mizigo iko mlangoni na watu wanamwita, alirudi ndani kulivuta vizuri pindo la kitambaa cha redio, kana kwamba tungerudi jioni. Wifi yako hakuzaliwa kwetu, lakini amelishika jambo hili kuliko sisi. Kompyuta ikiwaka, ikizima, sanduku lake limefunikwa mpaka miguuni.

Bwana Futa akaja nyumbani kuiona ikianguka. Kwa heshima ya mgeni, wifi yako alikuwa amekifua kitambaa na kukianika dirishani. Tukawasha muziki, Bwana Futa akakaa mbele ya kioo kama daktari anayengoja homa ipande. Homa haikupanda. Akanywa chai. Haikupanda. “Mzee, mbona mbele yangu inatulia? Inaniogopa?”

Wifi yako hakuvumilia kuliona sanduku uchi mbele ya mgeni. Kitambaa kilikuwa kimekauka. Akakipiga pasi, akakitandika, akakivuta nyuma kikae sawa. Bwana Futa alikuwa bado na kikombe cha pili mkononi kioo kilipogeuka buluu. Akaruka. Akatia mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka.

“Mama! Umeivisha koti na blanketi. Inapumulia wapi?”

Nyuma ya sanduku kuna matundu, na ndani kuna feni ndogo inayosukuma joto litoke. Joto likikosa njia, kompyuta hujizima isiungue. Wiki zote zile ilikuwa ikinieleza kwamba inajiokoa, nami nikadhani inanitukana.

Wifi yako alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akanishika mkono: “Usimwandikie wifi yangu kwamba ni kitambaa chake. Sema ni vumbi.” Nisingeweza, kwa sababu vumbi halikuwepo. Bwana Futa alilifungua sanduku akashangaa. Alisema hajaona kompyuta ya umri ule iliyo safi namna hiyo. Sifa hiyo ni yako. Sasa kitambaa kipo juu ya redio, mahali ambapo Mama angekiweka, na kompyuta inakaa wazi, ingawa wageni wakija wifi yako huipa mgongo.

Kabla Bwana Futa hajaondoka, sauti ilikuwa kwenye flashi mbili. Moja ninayo. Nyingine ndiyo hii anayokuletea mpwa wetu pamoja na barua. Nimemwambia aiweke mfuko wa ndani.

Alipoondoka tulikaa, mimi na wifi yako, tukamfungulia Kaka. Akapita kwa mama wa mkaa. Akapita kwa fundi saa. Nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Akafika getini kwetu, akaguna lile guno lake, akaingia.

Na unajua alianza na nani? Alikukuta wewe, mdogo kabisa, umekaa chini ya meza, umejifunika kitambaa cha redio gubigubi, unatusomea taarifa ya habari. Akaiigiza sauti yako ya utangazaji, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akajibu kama msikilizaji aliyekupigia simu. Alichokujibu sikiandiki hapa. Ni chako, kisikie kwa sauti yake.

Nisalimie shemeji, na watoto, na shangazi kama bado anabishana na daktari wake. Wifi yako anasema goti likandwe kwa maji ya moto, na anaomba radhi kwa niaba ya kitambaa. Mungu akulinde wewe na wote wanaolala chini ya paa lako.

Ni mimi, kaka yako akupendaye na kukukumbuka kila siku.