Kiazi cha Furaha

Bunia, siku ya tatu, mangaribi

Kujua, watoto wanajua. Jana kwa interogasyo, ule mutihani mudogo wa kalasi, walijibu yote sawa: karanga na maharagi zinajenga mwili, sukari inaharibu meno. Kisha kengele ikalia, na kalasi yangu yote ikakimbilia maji ya sukari na rangi yanayouzwa kwa sashe, vile vifuko vya plastiki, kwenye mlango wa shule. Ilinikasirisha sana.

Nikauliza kwa nini hakuna anayenunua viazi vinavyouzwa palepale. Mutoto mumoja akanijibu bila haya: "Madamu, viazi ni chakula ya watu wa kambi."

Furaha alikuwa kando yetu. Familia yake ilikimbia vita, wanaishi kambini. Kila siku anakula kiazi chake ameinama chini ya banki ya kuandikia, kama mutu anayeiba.

Somo lingine halingesaidia kitu. Leo nimepika viazi kwangu, na wakati wa rekreasyo, watoto wakiwa inje kupumzika, nikakaa kwenye ngazi, mbele ya wote, nikala. Furaha akaniangalia, kisha akakuja karibu yangu na chake.

"Yako iko na chumvi, Madamu?"

Nikamukatia kipande. Akaonja, akasema ya kwao ni tamu kupita.

Watoto wawili wakakuja kuomba. Wengine walibakia na sashe zao, midomo miekundu. Watoto wanasahau upesi, na siwezi kupika kila siku...

Lakini wenzake walipomuita kuruka kamba, Furaha alisimama, mdomo ungali umejaa, akaniwekea maganda mukononi kama mimi ndiye mutumishi wake, akakimbia.