Mdomo wa Dokta Komba

Jumanne, Temeke

Kila nikifumba macho nauona ule mdomo.

Si nilikuwa nawafundisha madaktari kuripoti madhara ya dawa? Nikauliza nani ana mgonjwa aliyedhurika. Dokta Komba, mkubwa wao, akasimama: “Sista, hapa kwetu madhara hayapo. Mgonjwa akiwashwa, tunamwambia dawa inafanya kazi.”

Huku anajikuna! Asubuhi alimeza dawa mpya ya goti, mwenyewe kasema. Kufika saa ya chai, mdomo umeumuka kama andazi.

“Shikamoo dokta, samahani, mdomo wako...”

“Marahaba. Mbu huyo.”

Mbu! Alipoanza kukoroma huku macho kayatoa, tukamkokota hadi chumba cha dharura. Mie nilishaanza kulia. Wakamchoma sindano ya kushusha uvimbe, akapumua. Alhamdulillahi.

Nikamwambia, haya dokta, sasa hili lazima tuliripoti.

“Turipoti nini?” Akachukua simu yangu ajitazame. Uvimbe ulikuwa unashuka. Akatabasamu kwa upande mmoja. “Unaona, sista? Dawa inafanya kazi.”

Na kinachoniudhi mpaka sasa hivi, safari hii kasema kweli.