Habari Iliyopangwa Tarehe Kumi

Greenbelt, Maryland
17 Agosti 2008

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepungua kuuma. Shangazi Honorata hajambo? Mimi mzima, isipokuwa miguu. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tunasimama kwa saa kumi na mbili mfululizo.

Umeniuliza kwa nini blogu yangu imekauka. Baba, nikipata siku ya mapumziko naandika habari tatu kwa mkupuo, kisha nakaa mwezi mzima bila hata mstari. Zamu zinabadilika kila wiki. Juzi msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia, "Dada, uko hai?" Niliona aibu. Kuna watu wanataka kuja kufanya kazi hizi, wananitegemea niwaeleze, nami nawaacha njiani. Nafikiria kuifunga.

Mwanao,
Edna

Mkuu, Rombo
8 Septemba 2008

Binti yangu Edna,

Marahaba. Goti linakwenda na hali ya hewa. Shangazi yako hajambo, ingawa wiki iliyopita alilala siku mbili akisema anakufa. Fredy akaja mbio kutoka Arusha, akamkuta mama yake anamenya ndizi. Unamjua.

Usiifunge. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na sijawahi kuingia darasani nikijiuliza leo nifundishe nini. Shule haijafunguliwa, azimio la kazi ninalo. Chukua karatasi, chora safu: wiki, mada, lengo, vifaa. Jaza wiki kumi na mbili. Wiki moja, namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Nyingine, baridi na nguo za kuvaa. Halafu weka kitu cha kuchekesha, maana darasa lisilocheka hulala. Wala usisubiri siku ifike. Siku ukiwa na nguvu andika nne, uweke akiba. Mwalimu anayeandaa somo akiwa mlangoni, hata watoto wa darasa la kwanza wanamjua.

Rosemary wa duka la intaneti ananichapishia kila unachoandika. Ukitoroka nitajua.

Baba yako

Greenbelt
5 Oktoba 2008

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na leo nina furaha. Azimio lako nimelibandika kwenye friji. Chebet, Mkenya tunayefanya naye zamu, aliliona akacheka: "Edna, wewe umejipanga kama serikali! Mimi hata lunch sijui nitakula nini."

Inafanya kazi, Baba. Kwenye blogu kuna sehemu ya kutaja siku na saa. Ikifika, habari inatoka yenyewe, hata kama wakati huo namwogesha mtu. Kila Jumatatu alfajiri inatoka moja. Wasomaji wamerudi. Dada mmoja wa Springfield amesema ile ya kumgeuza mgonjwa imemwokoa mgongo.

Nimeandika mpaka katikati ya Desemba. Cha kuchekesha nimekiweka tarehe kumi Novemba: Shangazi na vifo vyake. Usimwambie. Rosemary akishaichapisha ampelekee mwenyewe, asome.

Mwanao,
Edna

Greenbelt
13 Novemba 2008

Baba,

Shikamoo. Poleni tena na msiba. Naandika kwa sababu simu yangu hupokei.

Ulipopiga Jumamosi kuniambia Shangazi amefariki, nilikuuliza, "Kweli, Baba, au kama siku zote?" Nisamehe kwa hilo. Nilimaliza zamu nikiingia na kutoka chooni kulia. Jumapili Chebet alinipeleka kanisani kwao Temple Hills, wakamwombea. Ile habari haikunijia kichwani hata mara moja. Jana nafungua friji nitoe maziwa, nikaona kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu: tarehe 10, Shangazi. Nilikaa sakafuni.

Nimeifuta, lakini ilishakaa hewani siku mbili. Fredy amenitumia ujumbe wa maneno manne tu: "Asante kwa rambirambi zako." Baba, kumetokea nini huko?

Mwanao,
Edna

Greenbelt
14 Desemba 2008

Baba,

Shikamoo. Ni mwezi sasa. Habari zote zilizokuwa zinasubiri siku zao nimezizuia. Wasomaji wanauliza, sijawajibu. Kama umenikasirikia, niandikie hasira hiyo, nitaisoma yote. Kimya sikiwezi.

Edna

Mkuu, Rombo
4 Januari 2009

Binti yangu Edna,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Barua zako zote mbili nimezipata. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa na aibu, na nitakueleza aibu ya nini.

Tulimzika kihambani, kwenye migomba ya ukoo, pembeni ya mama yetu. Tulipomaliza kufukia, Rosemary alifika anahema na karatasi mkononi. Alikuwa ameona kichwa cha habari tu, "Shangazi Yangu Amekufa", akajua ni salamu zako. Akampa mzee Kalisti, aliyekuwa msemaji wa familia. Kalisti akavaa miwani, akatangaza, "Mtoto wetu aliyeko Marekani ametuma neno." Akasoma kwa ile sauti yake ya msibani: "Shangazi yangu amekufa. Sikulia, kwa sababu hii ni mara ya saba. Mara ya sita alifufuka aliposikia harufu ya nyama."

Watu wakatazamana. Kisha nikasikia mtu anacheka. Nilimtafuta kwa macho kabla sijatambua kwamba ni mimi.

Nilicheka, Edna, mpaka nikamshika Kalisti bega nisianguke. Tangu Jumamosi nilikuwa nasikia watu wakimtaja marehemu mpole, mvumilivu, mtu nisiyemfahamu. Kwenye mistari yako nikamwona dada yangu. Fredy akaichukua ile karatasi mkononi mwa Kalisti, akaniambia mbele ya watu wote, "Mjomba, umemzika mama yangu kwa kicheko." Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Simu zako nilikuwa naziona. Ningekwambia nini? Kuandaa mapema nilikufundisha mimi, na aliyecheka ni mimi.

Wewe kosa lako ni moja. Shule ikipata msiba, mwalimu habaki na somo alilolipanga kwa siku ile. Analiweka kando kwanza, anawatazama watoto. Hilo sikukwambia, kwa sababu darasani nilikuwa nalifanya bila kufikiri.

Mwandikie Fredy. Kwa mkono, si kwenye blogu.

Baba yako

Greenbelt
1 Februari 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, koti sijavua. Pole kwa kubeba hilo peke yako.

Fredy nimemwandikia. Nilichana karatasi tatu kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta najitetea. Ya nne nimemweleza siku ile uwanja wa ndege, mama yake aliponifunga kitenge chake kiunoni akasema nisipande ndege, anakufa. Nilimtania kama tulivyozoea. Nilipogeuka pale mlangoni nikamwona amejishika kwenye nguzo, analia kweli. Hilo sikuliweka kwenye ile habari, kwa sababu halikuchekesha.

Blogu bado imelala. Siku ya mapumziko nami nalala.

Mwanao,
Edna

Mkuu, Rombo
8 Machi 2009

Binti yangu Edna,

Marahaba. Sisi wazima, mvua zimeanza vizuri.

Leo Jumapili Fredy alikuja kupalilia kaburi la mama yake. Nilimwona kupitia migombani, nikachukua jembe, nikaenda kuanzia upande wa pili. Tulipalilia mpaka tukakutana katikati. Akasema, "Mjomba, shikamoo." Nikamwambia aje kula.

Barua yako alikuwa nayo mfuko wa shati, imekunjwa mpaka imelegea. Aliniuliza hicho kitenge kilikuwa cha rangi gani. Sikumbuki, nikamwambia akuulize wewe. Akala, akanawa mikono, akaaga. Alipofika mlangoni akasema, bila kunitazama, "Mwambie Edna aendelee."

Sikumwuliza aendelee na nini.

Baba yako