Fataki za Mnara Zilivyoishia Uwanjani

Jumatatu jioni, Kalangalala. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Ni ile mvua ya kero, haina radi wala upepo, inalowesha tu. Nyumba nzima inanuka turubai bichi. Nina hasira mpaka kwenye kucha za miguu, kwa hiyo leo usitegemee maneno matamu hapa.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Limi, nakodisha maturubai hapa Geita mjini. Mtu akifariki Nyankumbu au Mwatulole, wafiwa hawajamaliza kulia simu yangu inaita. Ni kazi ya heshima na siidharau, maana ndiyo iliyomfikisha binti yangu kidato cha tatu. Ila nimechoka kuitwa kwenye vilio tu. Wenye harusi hawanitaki. Mama mmoja aliniambia usoni kwamba hawezi kumwozesha mwanawe chini ya turubai lililofunika jeneza la jirani. Nikacheka pale pale, nikaenda kulilia nyumbani.

Nilichotaka miaka yote ni kitu kimoja. Niitwe kwenye furaha ya mji.

Basi wafanyabiashara walipochangishana kujenga Mnara wa Sururu pale kipilefti barabara zinapokutana, ule mkono wa zege ulioshika sururu ya mchimbaji, kamati yao ikaniomba nisimamie fataki za siku ya uzinduzi. Nitafute mkandarasi, nifuatilie kibali polisi, nihakikishe kila kitu kimelipuka salama. Nilidhani Mungu amenikumbuka. Nikajisemea, sasa mji utaniona.

Umeniona kweli.

Mkandarasi nilimpata Mwanza, Bwana Haidari, mtu mpole mwenye vibali vyake vyote. Siku ya kwanza alipokuja kuukagua mnara hakuuliza malipo. Aliuliza nyaya za umeme zinapita wapi, na kama jirani kuna kituo cha mafuta. Nikampenda hapo hapo. Tukaelewana, ikabaki kamati kupitisha jina lake tu.

Ndipo mwenyekiti wetu, Bwana Ngusa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipoibuka na mtu wake. Masanja, kutoka Shinyanga. Kazi yake ilikuwa kupeleka baruti machimboni, na kwa maneno yake mwenyewe, aliyepasua mwamba hashindwi kupasua hewa. Katika mji huu mtu yeyote aliyewahi kushika baruti ni mtaalamu wa kila kinacholia pu. Nusu ya kamati ikaenda kwa Masanja, nusu ikabaki kwa Haidari.

Kwingine wangekaa chini walinganishe vibali na uzoefu. Kwetu mwenyekiti alisimama akasema, "Tusigombane. Washindane! Sisi Wasukuma bwana, umati ndio hakimu."

Walipiga makofi kama wameoteshwa.

Niwaeleze ninyi wa mbali. Huku kwetu kuna wagika na wagalu, vikundi vya ngoma vinavyoshindana. Vyote viwili hupiga uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji wala alama. Watazamaji ndio wanaohama huku na kule, na aliyebaki na watu ndiye mshindi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi msemo huo tumeufanya sheria. Ukiona watu wanakukimbia huachi kupiga. Unaongeza.

Nilipinga, na hilo naomba liandikwe. Niliwaambia ngoma ukiipiga leo na kesho unaipiga, lakini fataki ikishalia imelia. Mzee Mhoja, mweka hazina, akanicheka kwa upole. "Mama Limi, ni tano tano tu, za kuonja."

Tena wakataka kila mkandarasi aje na mzigo wake mzima, kamati iuone kwa macho. Eti tuliwahi kuuziwa jenereta ambalo ndani halina mashine. Hilo ni kweli. Ila sijui nani katika kamati ile hakuona hatari ya kuwaweka watu wawili wenye magari yaliyojaa fataki kwenye uwanja mmoja, mbele ya umati wa Kisukuma, halafu kuwaambia wawe na kiasi.

Shindano lilifanyika Jumamosi ya wiki iliyotangulia uzinduzi, uwanja wa mpira, giza lilipoanza kuingia. Haidari alikuja na shati lililopigwa pasi na ndoo zake za mchanga. Masanja alikuja na mpiga ngoma, usinga mkononi, na akina mama wawili wa kupiga vigelegele. Watu wakanong'ona kwamba amejipaka dawa ya kuvuta umati. Haidari alinisogelea akaniuliza yule mpiga ngoma ana kazi gani kwenye majaribio.

Tano za Haidari zilikuwa nzuri jamani. Nyekundu, za kijani, na moja ya dhahabu iliyoshuka taratibu kana kwamba haitaki kufika chini. Uwanja mzima ukamkimbilia. Masanja naye akalipua zake tano, halafu bila kumtazama mtu yeyote akalipua ya sita. Ililia mpaka mabati ya Kalangalala yakatetemeka. Watu wakageuka wote, wakamwacha Haidari amesimama peke yake na ndoo zake.

Akanitazama. Nilimtikisia kichwa, yaani basi, mwache. Nikaona sura yake inabadilika. Akainama, akatoa ya sita.

Kuanzia hapo sina la kuelezea zaidi ya kwamba watu walikimbia. Wakaenda, wakarudi, wakaenda. Na mimi niliyepinga, mimi msimamizi, nilikimbia nao. Limi anasema nilikuwa napiga vigelegele. Kiatu kimoja sijakipata mpaka leo. Mwenyekiti alikuwa amevua koti analizungusha hewani, Mzee Mhoja anaruka na goti lake bovu. Naandika kwa sababu ni kweli: tangu nitoke kwetu Didia nikaja kuishi mji huu, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilipokumbuka kwamba kuna mzigo unaotakiwa kubaki, hapakuwa na mtu wa kumwambia akasikia.

Moshi ulipotoka, magari yote mawili yalikuwa matupu. Masanja akatangazwa mshindi kwa sababu fataki ya mwisho kulia ilikuwa yake. Wakambeba juu juu.

Haidari alikuja kuniaga, uso umejaa masizi. "Mama, nisamehe. Sikujua kama na mimi niko hivi." Akarudi Mwanza na maboksi yake matupu. Nimejaribu kumkasirikia siku zote hizi, nashindwa.

Wiki iliyofuata niliishi kwenye simu. Masanja alikuwa na jibu moja tu, mzigo uko njiani. Fataki kubwa hazinunuliwi dukani kama biskuti. Zinatoka Dar, zina vibali vyake, na vibali havijui kwamba sisi tumeshapanga sherehe. Nilimfuata mwenyekiti dukani kwake nikamwomba tutangaze mapema kwamba uzinduzi upo ila fataki hazipo. Watu wangeelewa. Akaniambia nisiwatie nuksi. Gari la matangazo likaendelea kuzunguka mji mzima likisema njooni mtazame anga likipasuka.

Juzi Jumamosi wakaja. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile pale kipilefti. Kuna waliotoka vijijini na watoto mgongoni. Mgeni rasmi akavuta kitambaa, mnara ukaonekana, bendi ikapiga. Maduka ya pembeni yote yakazima taa kwa ombi letu, ili fataki zionekane vizuri. Mshereheshaji akahesabu, watu wakahesabu naye kwa sauti moja, na mimi nikiwa nyuma ya mnara namtazama Masanja anafungua boksi.

Zilikuwa ni zile njiti za kumetameta wanazochomeka kwenye keki. Na baruti chache za kitoto, zile wanazorusha Krismasi.

Ta. Ta-ta. Basi.

Giza. Mtoto mmoja akalia.

Nilisubiri wazomee. Heri wangezomea, maana anayekuzomea bado yupo na wewe. Watu wa huku hawazomei, wanahama. Ng'ambo ya barabara baa moja iliwasha spika zake, na umati mzima ukageuka polepole ukaenda huko. Ilichukua muda mfupi tu. Pale mnarani tukabaki sisi wa kamati, mgeni rasmi na dereva wake. Masanja sikumwona alipopitia.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Kwa sauti safi kabisa akasema, "Msimamizi wa fataki ni Mama Limi, yeye ndiye atakayetueleza." Akaniwekea mkononi. Siku ya shindano hakuna aliyekumbuka kwamba kuna msimamizi. Jumba bovu likaniangukia mimi mwenyewe, nimesimama, macho yakiwa wazi. Nikasema samahani. Niliisema kwa migongo ya watu.

Leo asubuhi tukaitwa kikao cha tathmini, stoo ya mwenyekiti. Kama kawaida wamekalia viti vyangu, ninavyowaazima bila malipo. Ajenda zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba lile shindano la uwanjani limependwa mno, mji mzima hauzungumzi kingine, kwa hiyo lifanyike kila mwaka na mwenyekiti alisimamie mwenyewe. Ikapita kwa makofi. Ya pili, kwamba kutokana na aibu ya mnarani, kamati itafute msimamizi mwingine wa fataki. Ikapita kwa kunyoosha mikono. Mzee Mhoja alinyoosha wa kwake huku anatazama sakafu.

Hakuna hata mmoja aliyeunganisha ya kwanza na ya pili.

Wakanishukuru. "Wabeja, Mama Limi, wabeja sana." Halafu mwenyekiti akaongeza, "Ila maturubai na viti, mama, tunakutegemea wewe kama siku zote."

Nikasimama. "Naomba viti vyangu."

Walidhani natania. Mwenyekiti akatabasamu. "Umenuna, mama?"

"Nimenuna. Na pia nina msiba Nyankumbu, wanavisubiri."

Yote mawili yalikuwa kweli. Wakainuka mmoja mmoja, kila mmoja akinipisha kana kwamba nina ugonjwa. Mwenyekiti aliinuka wa mwisho, akakaa juu ya mfuko wa saruji na kikao kikaendelea. Vijana wangu hawajamaliza kupakia tukasikia kicheko kutoka ndani. Nilidhani nitajisikia vizuri. Nilijisikia vizuri mpaka kwenye kona, pale tulipokunja kuingia barabara kuu.

Msibani nilifika na tope mpaka magotini na mdomo mchungu. Marehemu alikuwa fundi baiskeli, mzee wa watu, amefariki jana baada ya kuumwa muda mrefu. Nikaanza kuwafokea vijana kuhusu kamba, kuhusu nguzo, kuhusu kila kitu. Nilipopita karibu na wanaume walioketi kuzunguka moto, nikasikia mmoja anasema, "Mama Fashifashi huyo," yaani mama wa fataki, na mwenzake akakohoa kuficha kicheko. Mimi, msibani, nachekwa. Nikakaza kamba mpaka ikaniumiza kiganja.

Turubai liliposimama mjane akatuma mtu aniite ndani. Nikaenda nimejiandaa kwa ugomvi, najua anataka kulalamika kwamba linavuja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya akina mama, khanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso, macho yamevimba. Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nimesikia yaliyokukuta pale mnarani. Pole sana."

Na akina mama wote waliokuwa kwenye ule mkeka, mmoja baada ya mwingine, wakasema pole. Pole, mama. Pole, jikaze.

"Asanteni," nikawajibu. "Nimeshapoa."

Nikainuka, nikarudi kwenye kamba zangu. Nilikuwa najionea huruma sana, nikawaza angalau kuna mtu mmoja katika mji huu anayenielewa. Nikapanda gari nikaja nyumbani. Nimevua viatu, nimechemsha chai, nimemsimulia Limi yote kuanzia kikao mpaka msiba. Akaniuliza, na wewe ulimwambiaje yule bibi?

Sikumwambia hata pole. Mume wake amelala ndani, na pole ameitoa yeye.

Kesho saa nane wanazika. Turubai ni langu, lazima niwepo. Nitaingia na uso gani?