Trakta Imekataa Kunywa Dizeli

Wani mtoto yangu huko Juba,

Salamu kutoka Lurujo. Mbuzi ya mama yako imezaa mapacha, sura mbaya kama yako.

Trakta imekataa. Dizeli iko mingi kwa tanki lakini haifiki kwa injini. Nilisafisha filta, nikalegeza nati, hewa ikatoka puu kama mutu amekula maharage. Bado. Ikabaki kuvuta dizeli na mdomo kwa paipu. Wewe unajua, wakati ya jeshi mimi nilivuta hapa Koboko, lori iko mbali kule Arua ikakauka tanki!

Safari hii nilivuta, dizeli ikapanda kidogo, ikarudi. Paipu ni mzima, ni kifua yangu haina nguvu. Nilikohoa mpaka nikaanguka. Mama yako akacheka: "Mzee, umeshiba dizeli!" Nikacheka pia, nikafunika mate na udongo haraka, maana ilikuwa nyekundu. Na si mara ya kwanza.

Yeye hajui. Hospitali ya Arua naogopa kwenda peke yangu, mimi huyu. Kuja, mtoto yangu. Yeye mwambie umekuja kutengeneza trakta.

Ni mimi baba yako, bado kijana kushinda wewe,
Lodu