Makuti ya Banda Hayatoshi

Baba, shikamoo. Uji umo kwenye chupa. Tafadhali usianze kuezeka banda la hoteli, makuti hayatoshi!

Jana nilikupigia hesabu kwa urefu wa nguzo ya katikati, kutoka usawa wa upenu hadi kileleni, mita nne. Alfajiri hii ndipo nilipogundua kwamba makuti hulala kwenye mteremko, nao ni mita tano. Kwa kuwa paa lina pande nne za pembetatu, na kila upande chini ni mita sita, paa lataka mita sitini za mraba, si arubaini na nane. Upande wa nne ungebaki karibu wazi.

~~Usimwambie Mama.~~ Mwambie Mama nimekimbilia Mwabungo kwa Mama Mwero, nikamwombe atushonee mengine.

Wewe ulitaka kupima kwa kamba, kutoka kileleni hadi upenuni, nikakucheka mbele ya mafundi wako. Kamba nimekuwekea mlangoni. Nenda nayo, waione.

Bintiyo wa hesabu,
Viola